Siku Nne Kuzizunguka Herufi za Hollywood

Herufi tisa nyeupe zilizo juu ya jiji la Los Angeles haziguswi. Hilo lieleweke kabla mtu hajafunga kamba za viatu. Zimezungushiwa uzio, kamera na vitambuzi vya mwendo, na polisi huwafuata wanaoruka uzio. Kinachofikika ni mgongo wa Mlima Lee, ambako unasimama nyuma ya herufi na juu yake ukiutazama mji. Kisha vilele vya jirani, ambako unaziona kwa upande. Na mwisho sehemu za chini, ambako maandishi yanasomeka vizuri. Hakuna njia moja inayokupa yote hayo. Ndiyo sababu ya siku nne.

Tumepanga siku hizi kuanzia nyepesi. Ya kwanza inakupa picha nzima ya milima na kuzoeza miguu, ya pili na ya tatu zinapanda Mlima Lee kutoka pande mbili tofauti kabisa, na ya nne iko chini, kwenye bwawa.

Majira mazuri ni Novemba hadi Aprili. Mvua huku huanguka zaidi miezi hiyo, na siku moja au mbili baada ya mvua hewa husafika mpaka visiwa vya baharini vinaonekana. Mei na Juni ukungu wa bahari hulala juu ya mji asubuhi, mara nyingine mpaka adhuhuri, na unaweza kufika kileleni usione hata herufi moja. Julai hadi Septemba ni joto kali. Septemba hadi Desemba huvuma pepo kavu zitokazo jangwani, ziitwazo Santa Ana, na hapo hofu kubwa ni moto wa nyika. Siku ya tahadhari ya moto usipande. Mei 2007 moto uliteketeza zaidi ya ekari 800 ndani ya hifadhi hii, na Januari 2025 mwingine uliwaka kwenye vilima vya Runyon, upande wa magharibi wa hapa.

Jambo moja huwakamata watu wa kwetu zaidi kuliko wengine. Aliyezoea jua linalozama kati ya saa 12 na saa 1 mwaka mzima huja huku na saa hiyo kichwani. Mwanzoni mwa Desemba jua la Los Angeles huzama saa 10:45 jioni. Mwishoni mwa Juni huzama baada ya saa 2 usiku. Hifadhi ya Griffith hufunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 4:30 usiku, lakini njia za miguu hufungwa jua linapozama. Angalia saa ya machweo ya siku yenyewe, ondoa saa moja, na hiyo ndiyo saa yako ya kuwa umeshateremka.

Maji: lita 2 kwa kila mtu siku ya pili na ya tatu, lita 3 wakati wa joto. Baada ya kuacha maegesho hakuna bomba njiani, na kilele cha Mlima Lee hakina choo wala kibanda cha soda. Viatu viwe na soli yenye meno. Udongo wa milima hii ni mgumu chini, na juu yake kuna vijiwe vilivyomomonyoka, hivyo kuteremka ni kama kukanyaga punje za mahindi zilizomwagika sakafuni. Raba zilizolika soli ndizo huangusha watu wengi, na wengi huanguka wakati wa kurudi.

Siku ya kwanza: Fern Dell, kituo cha anga na Mlima Hollywood

Umbali wa siku nzima ni karibu kilomita 9. Bila gari inawezekana: panda treni ya chini ya ardhi, mstari wa B, ushuke Hollywood/Western, kisha tembea kama dakika 15 hadi Fern Dell Drive, inapokutana na Los Feliz Boulevard.

Saa 1:30 asubuhi. Mwanzo ni bonde lenye kijito, majani mengi na kangaga, kivuli tupu. Kitakuwa kivuli kirefu cha mwisho kwa siku nne, kwa hiyo usikipite mbio. Watongva, wenyeji wa asili wa eneo hili, walikuwa na makazi hapa kabla mji haujazaliwa. Kijito kikiisha njia inakuwa ya vumbi na kuanza kupanda kuelekea kaskazini. Kuna njia mbili zinazofika kituo cha anga, yaani jengo la kutazamia nyota liitwalo Griffith Observatory: ya magharibi ina kona pana na mwinuko wa taratibu, ya mashariki ni fupi na kali. Panda kwa ya magharibi, shuka kwa yoyote. Ni karibu kilomita 2, na mtu wa kawaida huzimaliza kwa dakika 45.

Kituo cha anga cha Griffith kilifunguliwa Mei 1935, na kiko mita 346 juu ya usawa wa bahari. Kuingia ni bure. Jumatatu hufungwa, Jumanne hadi Ijumaa hufunguliwa saa 6 mchana, Jumamosi na Jumapili saa 4 asubuhi, na hufungwa saa 4 usiku. Ukifika asubuhi ya siku ya kazi utakuta milango imefungwa, lakini baraza za nje ziko wazi, na ndizo unazozitaka saa hiyo. Kutoka hapa herufi ziko kaskazini-magharibi, kilomita 2.6 kwa mstari wa ndege. Jua la asubuhi linakuwa mgongoni mwako nazo zinang'aa. Alasiri jua huhamia upande wao, picha ikafifia. Kwa hiyo asubuhi piga picha hapa, na alasiri piga kule bwawani, siku ya nne.

Hapa panahitaji onyo. Ramani nyingi za simu, ukiandika jina la herufi hizi, hukuleta kwenye kituo hiki. Wakazi wa mitaa iliyo chini ya herufi walichoshwa na msongamano wa magari ya wageni, na waliomba ramani ziwaelekeze watu kwingine. Matokeo yake watu wanashuka kwenye gari wakidhani wamebakiza dakika 20. Kutoka hapa mpaka nyuma ya herufi na kurudi ni zaidi ya kilomita 12, kwa kupanda, kushuka na kupanda tena. Inatembeka, ila si kwa kandambili na chupa moja ya maji.

Kosa la pili huzaliwa na jina. Mlima Hollywood siwo wenye herufi za Hollywood. Herufi ziko Mlima Lee.

Mlima Hollywood wenyewe unastahili kupandwa. Vuka maegesho ya kituo mpaka mwisho wake wa kaskazini, ambapo njia iitwayo Charlie Turner inaanza. Inapita kijisitu cha Berlin, kilichopewa jina la mji wenye udugu na Los Angeles, halafu inapita juu ya handaki la barabara, kisha inaanza kuzunguka mlima kwa kona pana. Kilele kiko mita 495. Kwenda na kurudi ni kati ya kilomita 4 na 5, na unapanda kama mita 150. Kuna njia za mkato zilizochimbwa na miguu ya watu wenye haraka. Ziache, maana ndizo zinazogeuka mifereji mvua ikinyesha na kuubomoa mlima.

Juu pale ndipo ramani ya siku zinazofuata hujichora yenyewe. Kusini-mashariki ni majengo marefu ya katikati ya mji. Magharibi ni Pasifiki. Kaskazini kuna bonde la San Fernando, na mbali upande wa kaskazini-mashariki milima ya San Gabriel, ambayo wakati wa baridi huwa na theluji. Geukia magharibi-kaskazini utazame mnara mrefu wa mawasiliano: huo ni Mlima Lee. Mgongo unaoendelea nyuma yake ukipanda kidogo ni Kilele cha Cahuenga. Njia ya vumbi inayojisokota chini, kati yako na mnara, ndiyo ya kesho.

Siku ya pili: Korongo la Brush hadi Mlima Lee

Hii ndiyo njia tunayompa mtu aliye na siku moja tu. Ni karibu kilomita 10 kwenda na kurudi, kupanda kama mita 320. Ni pana kiasi cha gari la zimamoto kupita, mwinuko wake hauna ghafla, na mtoto wa miaka kumi aliyezoea kutembea anaimudu. Adui yake ni jua.

Saa 12:45 asubuhi. Mwisho wa Canyon Drive, barabara inayopanda kaskazini kutoka Franklin Avenue. Maegesho ni ya bure, na Jumamosi na Jumapili hujaa mapema sana. Yakijaa, watu hurudi chini na kuegesha mtaani. Hapo soma kibao cha maegesho chote, mstari kwa mstari, maana siku na saa hutofautiana kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Vyoo viko hapa. Tumia hapa, jaza maji hapa.

Kabla ya kupanda, au bora wakati wa kurudi, kuna mchepuko mfupi upande wa kulia kwenda mapango ya Bronson, kama mita 400. Si mapango ya asili. Ni machimbo ya mawe yaliyoanza 1903, na mawe yake yalitandikwa kwenye barabara za mji uliokuwa ukikua. Machimbo yalipofungwa wapiga filamu waliyavamia kwa kuwa yanafanana na nyika ya mbali ilhali yako dakika chache kutoka studio. Usipande kuta zake, mawe hudondoka.

Njia yenyewe inaanza kwenye geti la chuma. Dakika kumi za kwanza kuna miti, halafu inaisha. Korongo linafunguka, njia inajipinda kulia na kushoto ikipanda, na mbele yako kuna vichaka vikavu tu vya kimo cha kifua. Sehemu hii ya mwanzo ndiyo kali kuliko zote. Wengi huikimbilia, wakachoka, wakadhani yote itakuwa hivyo. Nenda mwendo wa kuzungumza: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza.

Saa 1:30. Njia inafika juu na kukutana na njia ya Mulholland, nayo pia ya vumbi. Pinda kushoto, magharibi. Wanaopinda kulia huishia kuelekea Mlima Hollywood na hugundua baada ya nusu saa. Baada ya muda mfupi kuna njia nyingine inatoka kushoto ikishuka mgongoni mwa kilima. Hiyo ni Hollyridge, usiichukue.

Kuhusu Hollyridge ni vizuri kujua historia yake, maana maelekezo ya zamani bado yanaitaja. Ilikuwa njia maarufu kuliko zote, ikianzia mwisho wa Beachwood Drive. Mwaka 2017, baada ya kesi iliyohusu barabara ya kuingilia shamba la farasi lililo pale, geti la Beachwood lilifungwa kwa waenda kwa miguu. Mtu akikwambia "anzia Beachwood, ni karibu," maelezo yake yamepitwa na wakati.

Saa 1:50. Njia ya vumbi inaishia kwenye lami: Mt. Lee Drive. Hapa kuna uamuzi. Kushoto lami inashuka kidogo hadi mahali unapoziona herufi kwa mbele, kwa ukaribu mzuri. Kulia inapanda kwenda kileleni. Nenda kulia kwanza, kwa sababu jua linapanda. Kushoto utapitia wakati wa kurudi kama miguu ingalipo.

Lami ya kulia ina jambo la kushangaza kidogo: inaondoka kwenye herufi. Inazunguka mlima upande wa kaskazini, na kwa muda huoni Hollywood hata chembe. Unachokiona ni Burbank chini, mapaa makubwa ya studio za filamu, na bonde la San Fernando likienda mpaka milimani. Watu hugeuka hapa wakidhani wamepotea. Endelea. Lami ina mwinuko wa kudumu usio na pumziko, na kona ya mwisho ikimalizika unatokea upande wa kusini ghafla: mnara, uzio mrefu, na chini ya miguu yako migongo ya herufi.

Saa 2:25. Kilele, mita 521. Jina Lee ni la Don Lee, mfanyabiashara wa magari aliyeingia kwenye utangazaji. Kampuni yake ndiyo iliyojenga kituo cha televisheni juu hapa mwaka 1939. Mnara wa leo ni wa mawasiliano ya mji.

Kutoka nyuma unaelewa kitu ambacho picha za mbele hazionyeshi: herufi hizi ni mabati yaliyoshikiliwa na fremu za chuma zilizozamishwa kwenye mteremko mkali. Kila herufi ina kimo cha mita 13.7, sawa na nyumba ya ghorofa nne. Hazikupangwa kwa mstari ulionyooka, zinafuata umbo la mlima, ndiyo maana kutoka chini zinaonekana kama zinacheza. Za kwanza zilisimamishwa 1923 kutangaza viwanja vya nyumba, zikasomeka HOLLYWOODLAND, na zilikusudiwa kukaa mwaka mmoja na nusu tu. Zilikuwa za mbao na bati jembamba. Mwaka 1949 sehemu ya LAND iliondolewa. Kufikia miaka ya 1970 zilikuwa zimeoza, O ya mwisho imeanguka, na mwaka 1978 zote zilibomolewa na kujengwa upya kwa chuma juu ya misingi ya zege. Wafadhili tisa walitoa kiasi cha dola 27,700 kila mmoja, herufi kwa mfadhili. Mwanamuziki Alice Cooper alilipia O moja, mwimbaji Gene Autry L moja, na Hugh Hefner, mwenye jarida la Playboy, Y.

Uzio nao una sababu zake. Januari 1, 1976 mwanafunzi mmoja na wenzake walitundika vitambaa vikageuza maandishi yasomeke kwa jina la bangi, na Januari 1, 2017 mtu mwingine akarudia. Kuna sababu nzito zaidi: mwaka 1932 mwigizaji Peg Entwistle, mwenye umri wa miaka 24, alijirusha kutoka juu ya H akafa. Mteremko ulio chini ya herufi ni wa kuteleza, hauna njia, na nyoka wengi. Simama nyuma ya uzio, ingiza lenzi ya simu kwenye tundu la waya, picha itatoka safi.

Kumbuka pia kwamba ukiwa hapa unatazama kusini. Mchana kweupe jua liko usoni na mji unamezwa na utusitusi. Kabla ya saa 3 asubuhi, au saa mbili kabla ya machweo, ndipo mji unapojitenga na anga.

Kurudi ni saa moja na robo. Piga hatua fupi kwenye lami, goti lisinyooke kabisa. Kuteremka lami kali kilomita nzima huumiza magoti kuliko vumbi, na kidole gumba cha mguu hugonga mbele ya kiatu. Kaza kamba za juu kabla ya kuanza kushuka.

Wanyama. Nyoka wa huku ana njuga mkiani na huzitikisa akiudhika. Sauti yake ni kama mbegu kavu ndani ya kibuyu. Hutoka kuota jua njiani kuanzia majira ya kuchipua, hasa asubuhi na jioni. Ukimwona simama, rudi nyuma hatua kadhaa, mpe muda aondoke. Usivae vipokea sauti masikioni mwote mawili. Kando ya njia kuna mmea unaowasha vibaya sana, majani matatu kwenye kikonyo kimoja, mekundu wakati wa vuli. Ngozi ikiugusa osha kwa sabuni mara moja. Simba wa milimani aliyejulikana kwa namba P-22 aliishi hifadhini humu peke yake miaka kumi baada ya kuvuka barabara kuu mbili zenye magari mchana na usiku, na alikufa Desemba 2022.

Siku ya tatu: Mti wa Hekima, Cahuenga, na mgongo wa mawe

Fupi kuliko ya jana, ngumu kuliko ya jana. Kwenda Mlima Lee na kurudi ni karibu kilomita 5, lakini nusu yake unatumia mikono. Hapa usimlete mtoto mdogo, wala mtu anayeogopa ukingo.

Mwanzo uko magharibi. Kutoka Barham Boulevard unaingia Lake Hollywood Drive, na kuegesha ni huko huko. Barabara ndogo inayopanda, Wonder View Drive, ni ya wakazi. Gari lililoachwa humo huvutwa. Tembea kwenye lami yake mpaka geti la mwisho, lipite kwa pembeni, kisha tafuta njia ya miguu inayoacha barabara na kupanda kushoto.

Inapanda hasa. Ndani ya kilomita moja na kitu unapata zaidi ya mita 200, kwa kona za kurudirudi zilizochongwa kwenye udongo unaomomonyoka. Hapa ndipo punje za mahindi zilipo. Fimbo mbili za kutembelea husaidia kupanda, na wakati wa kushuka ni kama miguu miwili ya ziada. Baada ya mvua kubwa acha siku mbili zipite. Udongo uliolowa hujishikiza kwenye soli mpaka kiatu kinakuwa kizito kama tofali.

Juu njia inagawanyika. Kushoto, hatua chache tu, ni Mti wa Hekima: msonobari mmoja, peke yake juu ya mgongo mtupu, kwenye Kilele cha Burbank chenye mita 515. Moto wa Machi 2007 uliuchoma mteremko mzima na kuuacha mti huu umesimama. Chini yake kuna sanduku la chuma ambamo wapandaji huacha vikaratasi vyenye maombi, shukrani na majina ya waliowapoteza. Soma ukitaka, andika ukitaka, funga kifuniko vizuri mvua isiingie. Usiketi juu ya mizizi wala kuning'inia kwenye matawi. Mti uliookoka moto unaweza kuuawa na makalio ya watu, kwa sababu udongo ukikandamizwa mizizi haipati hewa wala maji.

Rudi kwenye njia panda, sasa shika mashariki. Hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika siku nne. Njia inapita juu kabisa ya mgongo, upana wa mtu mmoja, kushoto Burbank, kulia bwawa la Hollywood likimeta katikati ya miti. Kilele cha Cahuenga kiko mita 555, juu kuliko Mlima Lee. Eneo hili la ekari 138 lilikuwa mali ya tajiri Howard Hughes, aliyelinunua 1940. Baadaye lilipitia mikono mingine na mwaka 2008 likatangazwa kuuzwa kwa ajili ya nyumba za kifahari, moja kwa moja juu ya herufi. Wahifadhi walichangisha, na mwaka 2010 lilinunuliwa kwa dola milioni 12.5 na kuunganishwa na hifadhi. Bila fedha hizo, unapokanyaga leo pangekuwa na ukuta wa mtu na mbwa.

Kutoka Cahuenga kwenda Mlima Lee watu hukosea mwendo. Kinachoonekana karibu ni mteremko wa mawe, kisha tandiko, yaani mbonyeo kati ya vilele viwili, kisha kupanda tena. Shuka ukiwa umegeukia mlima pale penye mwamba, jaribu kila jiwe kabla ya kulitwisha uzito, na mpishe anayepanda. Kama kuna zaidi ya mmoja, asishuke wa pili mpaka wa kwanza ameondoka chini, kwa ajili ya mawe yanayobingirika. Ikiwa upepo ni mkali au mawe yamelowa, ishia Cahuenga na urudi. Mandhari yake yanatosha. Watu wengi wanaookolewa kwa helikopta kwenye milima ya mji huu hawakuanguka mahali pa kutisha. Waliishiwa maji, au walipindisha kifundo cha mguu pahali pa kawaida. Namba ya dharura ni 911. Kabla ya kupiga fungua ramani ya simu, soma mahali ulipo, na taja jina la njia.

Mwisho wa mgongo unatokea kwenye lami ya Mt. Lee Drive, hatua chache chini ya kilele cha jana. Sasa chagua. Kurudi ulikotoka ni kupanda Cahuenga mara ya pili, na miguu iliyochoka ndipo inapoteleza. Sisi tunapendekeza kushuka kwa njia ya jana hadi Canyon Drive na kuita teksi kwa simu ukifika chini. Jumla inakuwa karibu kilomita 7 na nusu. Kinyume chake, kuanzia Canyon Drive na kumalizia kwa Wonder View, hatukishauri: kile kipande cha udongo unaomomonyoka unakishuka ukiwa umechoka.

Siku ya nne: bwawa la Hollywood

Miguu inauma, njia ni tambarare. Mzunguko wa bwawa ni kama kilomita 5.3, lami karibu yote, na magari hayaruhusiwi ndani ya uzio. Mageti hufungwa kabla ya giza, saa hubadilika kulingana na mwezi. Soma kibao unapoingia.

Ukuta wa bwawa ulikamilika 1924 chini ya William Mulholland, mhandisi aliyeuletea mji huu maji. Umepambwa kwa vichwa vya dubu vya zege. Machi 1928 bwawa lake jingine, St. Francis, lilibomoka usiku na kuua zaidi ya watu 400. Waliokuwa wakiishi chini ya ukuta huu wa Hollywood hawakulala tena kwa amani, na katika miaka ya 1930 udongo mwingi ulimwagwa upande wa mbele wa ukuta na miti ikapandwa. Ndiyo maana ukiwa chini mjini huuoni. Simama katikati ya ukuta utazame kaskazini: maji, misonobari, na juu yake herufi. Kwa picha yenye maji mbele, hakuna mahali pengine.

Alasiri panda Canyon Lake Drive hadi uwanja wa Lake Hollywood Park. Herufi ziko mita 800 hivi, na kwa kuwa uko kusini-magharibi mwake, jua la alasiri liko begani kwako na weupe wake unatoka kama maziwa. Wazee, wajawazito, wenye viti vya magurudumu: hapa ndipo pao, hakuna haja ya kupanda chochote. Basi la umma halifiki, na askari wa maegesho hupita mara kwa mara.

Mwenye nguvu zilizobaki anaweza kuendelea kwa njia ya Innsdale, inayoanzia karibu na hapo, ipite Mulholland Highway, ifike geti la Deronda na kuungana na Mt. Lee Drive. Kwenda kileleni na kurudi ni karibu kilomita 5 na nusu. Sehemu yake inapita mbele ya milango ya watu. Sauti chini, usiketi kwenye ngazi zao, na pita kwenye kigeti cha waenda kwa miguu kilicho kando ya geti la magari kabla jua halijazama.

Wanaobaki uwanjani kusubiri herufi ziwashwe taa watasubiri bure. Zile za 1923 zilikuwa na balbu 4,000 hivi, zikimulika HOLLY, kisha WOOD, kisha LAND. Hizi za sasa hazina taa za usiku. Jua likishatua zinabaki za kijivu kwa muda mfupi, halafu mlima unazimeza na taa nyekundu ya mnara ndiyo inabaki kuonyesha zilipo.